Jipu Tuliyoigawa kwa Majirani

Sikuwahi kuipenda ile jipu, gari kuukuu, na baba alilijua hilo. Ilifika uani kwetu, Kamina, ikisukumwa na wanaume wanane waliokuwa wakicheka, mmoja ameketi kwenye usukani kama bwana arusi. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Kinkondja. Injini ilikuwa imemfia njiani kwa mara ya tano au ya sita, akachoka nayo, akamwambia baba: ukiifanya itembee, ni yako. Mama alisema hajaona bado zawadi inayoomba mipira minne. Kichwa cha baba kilikuwa kimekwisha kuingia chini ya boneti.

Baba alikuwa fundi wa karakana ya reli tangu ujana wake mpaka walipomstaafisha bila hata mkono wa kwaheri. Alikuwa pia kiongozi wa kelasi ya maombi kanisani kwetu, kile kikundi cha nyumba chache kinachokutana kila juma kusoma na kuombeana. Mambo hayo mawili kwake yalikuwa kitu kimoja. Alipanguza spana kwa namna ileile aliyofunga Biblia. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wangu ulikuja ulipokumbuka. Vita vya pili vya nchi yetu vilikuwa vimeanza. Mapigano yalikuwa kaskazini, lakini mji wetu ulijaa askari, na treni zilizopita zilikuwa zao. Abiria wa kawaida alikaa kituoni na mikeka yake juma zima, kisha akarudi nyumbani.

Vipuri havikuwepo, na kama vingekuwepo tusingevimudu. Baba alipiga nyundo bati la shaba mpaka likawa jwenti ya kuweka katikati ya injini na kichwa chake. Rejeta aliiziba kwa risasi ya kuchomelea, na tundu moja lililokaidi tulililisha unga wa muhogo ndani ya maji. Likaziba, na kila injini ilipopata moto uani kulinuka ugali. Breki zilishika magurudumu ya mbele tu. Mpira mmoja alioshona kwa waya aliutia kipande cha mpira mwingine kwa ndani, kama mtu anavyotia kiraka suruali. Mama alitoa kitenge chake ambacho hajakivaa bado, kikaenda kubadilishwa na betri iliyokuwa ikiendesha redio ya mtu. Alipokwisha kukitoa aliingia jikoni.

Ikatembea, kwa tabia zake. Ilizima kwenye reli. Ilizima mbele ya kanisa watu wakitoka. Waimbaji wakaipa jina la jipu ya maombi, kwa sababu aliyeipanda aliomba njia nzima. Baba alicheka pamoja nao, kisha akarudi chini yake na taulo shingoni.

Mimi sikucheka sana, kwa kuwa nilijua inatengenezwa kwa ajili ya nani. Dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya, alikuwa ameolewa na mwalimu mwenzangu huko Kabondo-Dianda. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji katika hospitali ya Kamina, na daktari alimwambia waziwazi kwamba mimba nyingine isimkute mbali na hospitali: uchungu ukimshika kijijini, kovu linaweza kupasuka. Sasa alikuwa na mimba ya pili. Treni hakuna. Njia ya huko ni mashimo na mchanga, na baba hakutaka hata kusikia habari ya kumleta kwa baiskeli. Yeye angemfuata kwa jipu shule zikifungwa, mwezi mzima kabla ya siku zake. Jipu haikuwa na kazi nyingine duniani.

Kisha askari wakaanza kuchukua magari. Jirani yetu alikuwa na gari dogo la kubebea mizigo; alilinyofoa kipande kimoja ili lisiwake, akakificha chini ya kitanda. Walikipata. Walimpiga mpaka mkewe akawa anamlisha kwa kijiko. Baba alikwenda kumwona, akarudi, akakaa kwenye ngazi ya nyumba bila kuvua kofia. Siku iliyofuata akaanza kuivunja jipu yake.

Hakuna kipande kitakachokaa kwetu, alisema. Aliwaita watu wa kelasi yake. Walikuja mmoja mmoja, siku tofauti, na mabeseni ya kawaida ya kuendea bustanini. Mtu aliingia na majani ya muhogo ya kupikia sombe juu ya beseni, akatoka na majani yaleyale, chini yake kuna kabureta. Magurudumu yalitoka yakibingirishwa alfajiri kama michezo ya watoto. Betri ikaenda, plagi zikaenda, manivela, kile chuma cha kuzungusha kuwashia, ikaenda. Hakuna aliyejua mwenzake amebeba nini. Nilimwomba baba aniambie mimi peke yangu, au aandike mahali. Alikataa.

“Weye ukijua, bakikupiga utasema,” aliniambia. “Kama haujui, batakupiga, batachoka, batakuacha.”

Na lazima niseme haki: hila ile ilifanya kazi. Askari walikuja, wakakuta gamba la jipu juu ya matofali, kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Mmoja wao alichukua mayai. Walipoondoka tulicheka, mimi na baba, mpaka mama akatuambia tunyamaze. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka hivyo.

Haikupita muda mrefu. Mchana mmoja mtu wa baiskeli, mmoja wa wale wanaosukuma mafuta ya mawese kutoka upande ule, aliingia uani na vumbi mpaka kwenye kope. Alitumwa na shemeji yangu. Uchungu umeanza kumjia yaya, mapema kuliko siku zake, unakuja, unaondoka. Shemeji amekwisha kufunga kiti nyuma ya baiskeli na kutafuta vijana wa kupokezana kusukuma. Anaomba neno la baba mkwe wake.

Baba hakufikiri hata dakika moja. Akili yake ilikuwa kwenye mashimo ya njia na kovu la binti yake.

“Ambia bukwe wangu asimupandishe ku kinga,” alisema, akiionyesha kwa kidole baiskeli ya yule mtu. “Njia itamuua. Bangojee. Minyi njo nakuya na motokari.”

Mtu asiyetoka kwetu hataona uzito wa neno hilo. Kwetu mkwe hambishii baba wa mkewe. Hamtazami usoni, wala hamwelezi jambo zito moja kwa moja. Anatafuta mtu wa katikati. Neno likishatoka kwa baba mkwe, limetoka. Baba angemwambia mtu mwingine yeyote angojee, huyo angepima mwenyewe. Shemeji yangu hakuwa na nafasi ya kupima.

Nilimfuata baba nyuma ya nyumba nikamwambia niondoke na yule mtu sasa hivi, kwa baiskeli, nimlete yaya polepole. Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu. Kesho asubuhi tutakuwa tumeondoka, alisema. Nami nikakubali. Nimewahi kusingizia vita, na askari, na baba mwenyewe, lakini kukubali kule ni kwangu.

Kufikia jioni jipu ilikuwa na magurudumu. Watu walileta vitu vyao wakikimbia, bila kuficha tena. Kabureta, plagi, betri, manivela. Kikakosekana kitu kimoja, kifuniko cha delko pamoja na kidole chake, kile kinachozunguka na kugawa moto kwa kila plagi. Kinaenea kwenye kiganja. Bila hicho injini ni chuma tu.

Baba alikuwa amekikabidhi kwa mama mmoja mzee, mjane, mwimbaji wa sauti ya juu katika kwaya, mtu mwaminifu kuliko wote. Tulikuta mlango wake umefungwa kwa kamba. Majirani walisema aliogopa askari, ameondoka juma lililopita kwenda Mulongo, kwa wanawe wavuvi, na mkeka, sufuria na kopo la maziwa lililofungwa kitambaa. Alirudi baada ya miezi mingi akaliweka lile kopo mezani kwetu. Delko ilikuwa ndani, imepakwa mafuta ya mawese isishike kutu. Alisema baba alimwambia kisitoke mkononi mwake, na hakikutoka. Mama alimpikia chai.

Lakini siku ile sote tulisimama mbele ya mlango wake. Baba alisema atatengeneza nyingine. Na alitengeneza, huo ndio msiba wenyewe, kwamba mikono yake iliweza. Alichonga kifuniko na kidole chake kwa mti mgumu, akauchemsha kwenye nta ya mishumaa. Vishikio vya ndani alivikata kwenye maganda ya risasi, ambayo siku zile hayakuwa haba. Kijiti cheusi cha katikati alikitoa ndani ya jiwe la tochi. Kifuniko cha kwanza hakikufaa, moto ulipenya kwenye unyevu wa mti, kikapasuka. Akaanza upya. Nilimshikia msumeno, nilipuliza makaa, na kila saa nilijiambia sasa hivi tu itawaka, itakuwa ujinga kuondoka kwa baiskeli wakati inakaribia kuwaka. Ndivyo zilivyokwisha siku tatu.

Asubuhi ya nne nilizungusha manivela mara mbili, ikashika. Baba aliweka kiganja juu ya boneti akafumba macho, akashukuru. Mama alikwisha kufunga mashuka na nguo za mtoto mchanga.

Kizuizini, nje ya mji, askari waliizunguka, wakaona mpira ulioshonwa, wakacheka. Walitupakiza magunia mawili ya mahindi ya mkubwa wao tuyashushe mbele, wakatuacha. Jua lilikuwa limepita utosini, na Kabondo-Dianda haikuwa mbali tena, tulipoona watu wanakuja kwa miguu. Nilimtambua shemeji kwa mwendo wake. Alikuwa anasukuma baiskeli, vijana wawili wanaishikilia kando, na mwanamke mmoja anatembea nyuma ameshika viatu vya yaya mkononi. Kitu kilichokuwa juu ya baiskeli kilikuwa kimefunikwa shuka mpaka juu.

Baba alizima injini. Alishuka, akasimama, hakukaribia.

Shemeji aliinamisha uso, kama inavyompasa mkwe. Hata pale alishika adabu. Aligeuka upande wangu, ndipo akasema, sauti ndogo, akiniangalia mimi, ingawa maneno yalikuwa ya baba:

“Ambia baba, alisema tungojee. Tulingojea siku mbili. Leo asubuhi niliona hakuna tena kungojea, nikamupandisha. Alikufia mu njia. Mutoto hakutoka.”

Baba hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Alivua kofia, akaja, akamshika yaya mguu kwa juu ya shuka. Nilikuwa na hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mwingine, na nilimhurumia, na vyote viwili havikupunguzana.

Tulimlaza nyuma, juu ya mashuka aliyofunga mama. Tulimwomba shemeji akae mbele. Alikataa, akakaa nyuma na kichwa cha mkewe mapajani. Baba aliendesha. Tulipita mchanga, tukapita madimbwi, tukapanda vilima ambavyo kwa siku za kawaida vingeinyamazisha mara tatu. Mimi nilikuwa nimekazia macho boneti, nikaomba, na Mungu anisamehe, niliomba izime. Izime hata mara moja, mahali popote, ili niweze kusema baadaye kwamba hata tungeondoka mapema isingefika. Kifuniko cha mti kilishika. Rejeta haikuvuja. Njia yote mpaka mlangoni kwetu, injini haikukohoa.