Mbuta Juu, Omena Chini

Juzi mgeni alikuja shuleni kwetu Oyugis, tukakusanywa walimu wote tufundishwe kubandika nyota ukutani, watoto washindane, wapande ngazi, wapewe zawadi. Wenzangu walipiga makofi. Mimi, rafiki yangu, viganja viliniwasha nikaviweka chini ya meza.

Mchezo huo naujua. Tulipokuwa darasa la tano kule Muhuru Bay, mwalimu wetu alichora samaki watatu wa ziwani ukutani: Mbuta, yule mkubwa kuliko wote, juu, Ngege katikati, Omena, dagaa mdogo, chini. Kila jibu sahihi lilikupa kizibo cha soda, na wingi wa vizibo ndio uliokupandisha. Tulivitunga kwenye uzi tukavivaa shingoni, vikilia tukikimbia. Raha iliyoje! Nilisoma hata nikimsaidia nyanya kuanika omena, tebo ya kuzidisha ya saba mdomoni, jua likinichoma mgongo.

Ijumaa ilikuwa siku ya zawadi, na zawadi ya Mbuta ilikuwa fimbo. Waliofika juu waliwachapa waliobaki chini, viboko vinne kila mmoja. Aliyechapa kwa huruma alivuliwa vizibo vyake, akateremshwa achapwe naye. "Mchezo bila adhabu ni usingizi," mwalimu alipenda kusema.

Ijumaa moja nilipewa nimchape binti wa jirani, yule niliyetoka naye nyumbani kila asubuhi tukigawana kiazi kimoja njiani. Alinyoosha mkono, akaninong'oneza, "Piga pole pole, wewe." Mwalimu alikuwa akinitazama. Niliinua fimbo kwa mikono miwili. Cha kwanza, cha pili. Cha tatu akakunja vidole, nikasikia mfupa ukivunjika. Damu ikaruka mpaka kwenye vizibo vyangu. Mwalimu akasema, "Bado kimoja." Nikapiga. Nilitaka kubaki Mbuta, sina uongo wa kukupa.

Kidole kilipona kikiwa kimepinda. Hakushika kalamu vizuri tena, na mwaka uliofuata hakurudi shuleni.

Darasa lile la mabati lilishabomolewa, fimbo imepigwa marufuku, nyanya alishatuacha. Hata uzi wangu wa vizibo sijui ulipotelea wapi. Nyota nilizopewa juzi bado ziko kwenye pakiti.

Nikienda Muhuru, omena nanunua kwa yule binti wa jirani. Hujaza gorogoro, mkebe wake wa kupimia, kwa mkono uleule, huniongezea konzi moja juu bila kuombwa, kisha hucheka: "Mbuta, leo umekumbuka sisi?"

Miaka yote hii ananiita hivyo, na sijapata uso wa kumwomba aache.