Pointi Mia Tatu na Kumi na Mbili

Jamani, kuna supamaketi moja hapa Katoro mimi siingii tena, hata wagawe sukari bure, na msianze kunicheka kabla sijamaliza, maana varangati lote nililianzisha mwenyewe kwa mdomo wangu huu.

Duka lile lilipofunguliwa tuliambiwa kila ukinunua unataja namba yako ya simu, unawekewa pointi, zikifika mia tatu unachukua zawadi. Mimi na vya bure tena! Sabuni, mafuta, chumvi, hadi kiberiti nikawa nafuata huko huko, napita maduka manne ya jirani (mume wangu, Baba Kulwa, alinicheka mpaka nikaacha kumwambia), miezi saba nakusanya, macho yote kwenye chupa ya chai yenye maua mekundu.

Siku zilipotimia nilikuwa saluni nasukwa, dada yangu wa Ushirombo akapiga simu, na kwa vile draya ilikuwa inanguruma nikapaza sauti: "Dada, nina pointi mia tatu na kumi na mbili! Nimekusanya kidogo kidogo, Baba Kulwa hajui kitu, kesho naenda kuzibadilisha!"

Sasa huku kwetu machimboni pointi ni kipimo cha dhahabu, kumi ni gramu nzima. Saluni ikawa kimya, nami nikadhani wananionea wivu (nikaringa kabisa!). Kumbe niliyekaa naye ni mke wa mchimbaji mwenzake Baba Kulwa, na wiki hiyo mume wangu ndiye aliyekuwa analinda mawe yenye dhahabu ya duara lao, lile shimo wanalochimba watu kumi na kugawana.

Asubuhi nipo kaunta, nimependeza, nageuka namwona Mzee Masanja, bosi wa duara, na wachimbaji nyuma yake wametapakaa vumbi, katikati Baba Kulwa wamemshika shati.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mama Kulwa, toa dhahabu yetu."

"Dhahabu gani tena?"

"Pointi mia tatu na kumi na mbili. Usipotoa, mumeo duarani basi, na polisi anakwenda."

Baba Kulwa hata hakuniangalia, na hilo ndilo lililoniuma. "Mzee, ni pointi za sabuni!" nikapiga kelele, lakini nani aelewe? Nikamgeukia binti wa kaunta nikamwambia, mdogo wangu, wasomee yote niliyonunua, na yeye naye bila huruma akasoma kwa sauti: sabuni ya mche, dawa ya kunguni, mafuta, dawa ya kunguni, chumvi, dawa ya kunguni. Duka zima likaangua kicheko. Akaleta chupa ya chai, Mzee Masanja akaipokea, akafungua kifuniko, akachungulia ndani.

Basi akamwomba mume wangu radhi mbele za watu, wakarudi kazini.

Jioni nikamwekea Baba Kulwa chai. Hakunywa. Akaniuliza taratibu, "Mama Kulwa, hivi ingekuwa dhahabu kweli, ungeniambia?"

Jibu lilitakiwa litoke hapo hapo. Mimi nikamuuliza kama sukari imetosha.

Sitarudia, wallahi. Siku hizi hata nikiongezwa nyanya moja sokoni, namwambia kabla sijavua viatu.