Maji ya Siki ya Bi Povu

Sisi wenzake wa chumba cha kufulia hotelini ndio tuliompa jina la Bi Povu, maana hakuna shuka lililowahi kumshinda. Divai, damu, wanja, vyote alivitoa. Doa likigoma, alikunja mikono ya gauni akaliongezea sabuni. Mtacheka, lakini mwanamke huyu alijifua hata yeye mwenyewe.

Dada yake alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Watoto nyumbani waliambiwa ni tumbo tu. Baadaye Bi Povu alipopimwa kliniki, akaambiwa ana virusi vinavyoweza kuleta ugonjwa ule ule, ila mara nyingi mwili huvitoa wenyewe. Arudi mwaka unaofuata. Akarudi, vipo. Akarudi tena, vipo. Kila akitoka huko aliongeza bidii ya kujiosha ukeni: maji ya siki na sabuni, kila jioni, hadi ndani. Nilidhani hakuna ajuaye ila mimi.

Safari hii nilimsindikiza. Alikuwa amechoka, hata kuogopa hawezi. Nesi akasema virusi bado vipo, ila seli hazijabadilika. Kisha akauliza, "Dada, huko chini unajisafishaje?"

Bi Povu akaeleza, kwa fahari kidogo.

Nesi alishusha pumzi. "Huko ndani kuna bakteria wazuri, ndio walinzi wako. Ukiwafukuza kila siku, virusi navyo vinajikalia raha mustarehe. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini acha. Osha nje tu, kwa maji matupu. Tutapima tena mwakani."

"Na mwaka mzima huo nifanye nini?"

"Usifanye kitu, dada yangu."

Njiani nilikuwa na hasira, sijui na nani. Tangu utotoni tunahimizwa usafi, hakuna aliyewahi kutuambia uishie wapi.

Tulipofika kwake, binti yake alikuwa akitoka kuoga, taulo kichwani.

"Poleni na safari. Mama, maji yako ya siki nimekuwekea bafuni. Mimi nimeshamaliza yangu."

Bi Povu alisimama mlangoni, mkoba begani. "Yako?"

"Si wewe ulinifundisha, nilipovunja ungo?"

Aliingia bafuni bila kuvua viatu. Tukasikia ndoo ikimwagwa yote. Kisha akatoka, akakaa kitandani, akapapasa nafasi kando yake.

"Njoo, mwanangu. Nikwambie kilichomuua mama yako mkubwa."