Mkono wa Bi Petrik

Miaka ishirini na sita Merle Dombrowski aliendesha gari kuukuu la zimamoto la kitongoji chao huko Ohio, na lile jipya alilinunia tangu lifike. "Friji lenye magurudumu," alisema.

Lakini mila ni mila: gari jipya huoshwa, kisha wazima moto na majirani hulisukuma kinyumenyume kwa mikono mpaka ndani ya kituo, kama enzi za farasi, ambao hawakuweza kurudisha gari nyuma. Siri ya dereva ni kutia gia ya nyuma. Gari hurudi lenyewe, watu huguna kwa mbwembwe tu.

Merle alitia gia, akakanyaga breki. Watu thelathini wakasukuma, gari likagoma.

"We Merle, umelala?" mkuu wa kituo akafoka.

Kupitia kioo cha mbele alikuwa akimtazama jirani yao Bi Petrik, mwenye miaka tisini na moja, akijikokota na mkongojo wake. Kiganja chake kilipogusa bati jekundu, Merle akaachia breki taratibu. Gari likaingia.

"Merle, mwanangu," bibi akasema akihema, "hawa wape mafagio. Gari hili tutalimudu mimi na wewe."

Merle akamjibu kwa king'ora, cha kwanza tangu friji lile lifike.