Kifaa kimegoma kukubali kwamba nililala Mazinde

Wakuu, kwema? Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Au nilidhani ninazo.

Mimi ni dereva wa semi, napiga Moshi–Dar. Madereva wenzangu mnakijua hiki kifaa tulichofungiwa kwenye magari. Ukipitisha saa zilizowekwa bila kupumzika kinaanza kulia, na ofisini kwenye screen unaonekana mwekundu.

Hakijui kama umeshinda juani unasubiri kupakia na usiku hukupata usingizi. Kinahesabu mwendo tu. Nilikuwa nakichukia kama mkwe mkorofi.

Na nilishapewa onyo la mwisho. Nikionekana mwekundu tena gari anapewa mtu mwingine, na mimi nina watoto wanasoma.

Siku hiyo nimebeba maharage, jua la mchana linawaka. Kufika Mazinde, mkonge kulia mkonge kushoto, macho yakawa mazito. Nikasema leo nafuata sheria, asije mtu akaniletea maneno.

Nakumbuka kila kitu. Nimeweka gari pembeni. Nikachomoa panga nyuma ya siti, nikakata matawi, nikayatandaza barabarani nyuma ya trela kama tunavyofanya siku zote gari likisimama. Nikapanda, nikajilaza.

Kulikuwa na nyenje huko kwenye mkonge, mlio mmoja usiokatika. Nikalala usingizi mtamu sana.

Nikaamka, nikaondoka. Nikashtukia naingia Korogwe. Mombo sikukumbuka kuipita, ila njia ukishaizoea ndivyo inavyokuwa, sikujali.

Nafika Mkata, nasimama kula, simu inaita. Ni dada wa control, anayefuatilia magari kule ofisini. Ananiuliza kwa upole kwa nini sijapumzika. Anasema gari halijasimama popote toka Same, na kifaa kimelia kuanzia Mazinde mpaka Mombo ndipo kikanyamaza chenyewe, muda wake wa kulia ulipoisha.

Niliwaka wakuu. Nikamwambia hicho kifaa kinadanganya, mimi nimelala, nimekata na matawi.

Madereva waliokuwa wanakula pale wakaja juu, wakawa upande wangu, kila mtu na kisa chake cha kifaa. Mmoja akasema tafuta shahidi, umkomeshe huyo dada.

Nikamkumbuka mama Shufaa. Anauza chakula Mombo karibu na matuta, na nikipita lazima anipungie. Kama nililala Mazinde, lazima kwake nilipita nimechelewa. Nikampigia, nikaweka loud wote wasikie, nikamwomba awaambie wenzangu nilipita muda gani.

Akajibu:

"Baba Zuhura, afadhali umepiga. Ulipita mapema tu, watu bado wanakula chakula cha mchana. Ukapunguza mwendo kwenye matuta, nikakuita. Ukanigeuzia uso, macho umeyatoa, unanitazama kama unatazama ukuta. Na humo ndani kuna kitu kinalia tu. Nikasema, baba wa watu kafiwa."

Pale mezani watu waliacha kula. Mwenye kijiko alikishika hivyo hivyo.

Nikaenda kwenye gari. Nilijiambia panga litakuwa na utomvu, na huyo mama amenifananisha. Nikaingiza mkono nyuma ya siti.

Panga lilikuwa limeviringishwa kwenye gazeti na kufungwa kamba, fundo lile lile nililolifunga Moshi baada ya kulinoa.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Pale Mombo kwenye matuta wanavuka watoto wa shule, wanavuka bodaboda. Nilipunguza mwendo kwa ajili yao. Nani alipunguza?

Nikampigia yule dada, nikamwambia kifaa kiko sahihi, tumeni dereva mwingine. Walimtuma. Gari limekwenda na sasa niko nyumbani Handeni, wife ananiuliza kazi vipi.

Nilichojifunza: tupiganie kulala kabla ya safari, hizo saa za kusubiri kupakia zihesabiwe na zenyewe. Na kifaa kikilia usikitukane, simama. Mimi nililala kweli wakuu. Ila sikusimama.

Kama kuna dereva humu yamemkuta, aseme, hata kwa ID ya kificho. Nataka kujua siko peke yangu.

Maana huku Handeni nyenje wakianza kulia, naushika ukuta kwanza kuhakikisha hautembei.