Nilimfukuza kwa Sababu ya Elektroni Moja

Aliyemfukuza yule msichana darasani ni mimi. Sikutumwa na mtu, sikuwa mgonjwa, wala sikuchokozwa. Nilikuwa na kiburi tu! Na kabla hamjaanza kunihukumu, nawaambia mapema: kosa langu nitalibeba, lakini yale mengine mnayotaka kunitwika, hapana.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Lodwar, nasubiri kuingia chuo. Shule moja ya kutwa karibu na Kakuma ilikuwa imebaki bila mwalimu wa kemia. Aliyekuwepo alipata uhamisho akaondoka hata bila kuaga. Wakanichukua mimi. Miaka ishirini na moja, mwanamke, Mturkana, nafundisha sayansi! Mama yangu aliwatangazia majirani wote.

Upande wa sayansi nilikuwa mwanamke peke yangu. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita dipti, aliniweka chini siku ya kwanza. "Madam, hawa wengine ni wakubwa karibu kama wewe. Wasikuone umekwama hata siku moja. Ukisema sijui, umekwisha."

Nikayameza maneno hayo yote.

Kidato cha pili kulikuwa na msichana nitakayemwita Nyandeng. Si jina lake. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, umri wa miaka kumi na tisa, akiishi kwa shangazi yake katika makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei. Aliketi mbele kabisa, daftari lake amelivika karatasi ya mfuko wa unga. Huyo aliuliza maswali mpaka kengele ikalia. Mwanzoni nilimpenda, naapa. Baadaye nikaanza kumwogopa.

Tukafika kwenye atomu. Nikachora kiini katikati, protoni na nyutroni ndani yake, halafu maduara ya elektroni yakikizunguka. Nikaandika ubaoni: duara la kwanza linabeba elektroni mbili, la pili nane, la tatu kumi na nane. Wakanakili. Kesho yake tukaanza kupanga elektroni za elementi moja moja, tangu haidrojeni. Mambo yakaenda sawa mpaka potasiamu, yenye elektroni kumi na tisa. Nikaandika: mbili, nane, nane, moja.

Nyandeng akainua mkono.

"Madam, duara ya tatu si inabeba kumi na nane?"

"Ndiyo."

"Sasa umeiweka nane tu. Hiyo moja imeruka kwenda ya nne kwa nini, na nafasi bado iko?"

Jamani! Nilisimama pale na chaki mkononi kama mtu aliyesahau jina lake. Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Shuleni nilikariri mbili, nane, nane, moja, nikapita mtihani, nikafunga kitabu.

"Ndivyo ilivyo," nikasema. "Andika."

"Lakini madam, jana wewe mwenyewe ulituandikia..."

Mtu akacheka huko nyuma. Kicheko kikatembea darasa zima. Mwingine akatangaza kwamba nimeumbuka: "Madam amechomeka!"

Nilichosema baada ya hapo nakiandika kama kilivyotoka, maana nikikipamba nitakuwa nadanganya mara ya pili.

"Wewe umekuja hapa kusoma ama kuleta vita? Kama hutaki ya huku, rudi kwenu ukaulize huko!"

Wengi mle ndani walikuwa wakimbizi. Nilikuwa nimewaambia wote.

Nyandeng hakulia. Alifunga daftari lake taratibu, akasimama. "Nimeuliza potasiamu, madam. Sikuuliza kwetu."

Akatoka. Na mimi, badala ya kumwita, nikamtupia la mwisho: "Na usirudi kwa somo langu!"

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Na nilifurahi! Ndiyo, nilifurahi, na hapo ndipo najichukia zaidi. Nilifundisha zaidi ya wiki mbili bila mkono hata mmoja kuinuka. Nikamwambia dipti kwamba darasa langu limetulia. Akanisifu. Mjinga mimi! Darasa lilikuwa limeniogopa, nami nikadhani limeniheshimu.

Likizo fupi ya katikati ya muhula ikafika, nikaenda nyumbani Lodwar. Swali lile halikuwa limeniacha. Nikamtembelea mzee aliyenifundisha kemia.

"Ejok, mwalimu mwenzangu!" akanisalimia kwa Kiturkana huku akicheka, akanivutia kiti. Nikamweleza swali. Akaweka kikombe chini.

"Nani ameuliza hilo?"

"Msichana mmoja wa kidato cha pili."

"Kidato cha pili?" Akachukua kalamu, akachora nyuma ya kalenda kuukuu. "Sikiza. Duara la tatu lina vyumba ndani yake. Vile vya kwanza vinatosha elektroni nane. Vya nafasi kumi zilizobaki vipo kweli, lakini kuingia humo kunataka nishati kubwa kuliko kuingia chumba cha kwanza cha duara la nne. Elektroni inakaa pale penye nishati ndogo. Kwa hivyo ile ya kumi na tisa inaenda kwa duara la nne kwanza. Zile nafasi kumi zinaanza kujazwa baadaye, kwa elementi ya ishirini na moja." Akanitazama. "Walioniuliza hivyo miaka yote, nawahesabu kwa vidole. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia nitatafuta jibu."

"Ulifanya vizuri sana, binti yangu."

Nilidanganya hata pale! Chai ilinishinda kumaliza.

Sikungoja shule ifunguliwe. Nikarudi Kakuma, nikapanda bodaboda mpaka Kalobeyei, nikauliza nyumba kwa nyumba. Shangazi yake alikuwa anamwagilia mboga kwa kopo. Nilipojitaja, akaacha kumwagilia.

"Wewe ndiyo mwalimu ya kemia?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kumwona Nyandeng."

"Hayuko." Alinitazama bila hasira, na afadhali angenipiga. "Mjomba yake anataka kumrudisha tangu zamani. Mimi nasema hapana, mtoto anasoma. Sasa mtoto mwenyewe anakuja nyumbani, anasema mwalimu amefukuza yeye, amesema arudi kwao. Mjomba anasema, unaona? Hata walimu wanasema. Mimi nikakosa neno."

"Ameenda lini?"

"Siku nne. Wamepita Nadapal, kule mpakani."

Siku nne! Kama ningeenda wiki moja mapema! Kama ningeenda siku ileile! Nilikaa chini kwenye udongo uliolowa, na yule mama akaniacha nikae.

Shule ilipofunguliwa nilimwambia dipti nataka kusema mbele ya gwaride. Akashtuka. "Usijaribu! Ukiomba wanafunzi msamaha, kesho watakukalia kichwani. Na huyo ni mkimbizi, hawa wanakuja wanaenda. Halafu fikiria wanawake wenzako. Watu watasema si tulijua, kemia si ya wanawake."

"Waseme," nikamjibu. "Lakini niliyemtukana ni mtu, na nilimtukana mbele ya watu."

Nikasimama mbele ya shule nzima, jua linapiga. Nikataja nilichosema, neno kwa neno. Nikawaambia swali lilikuwa zuri kuliko mwalimu wake. Nikaeleza jibu la potasiamu pale pale, bila ubao, kwa vidole. Macho sikuyashusha. Hakuna aliyecheka. Baadaye darasani mikono ikaanza kuinuka tena, mmoja, miwili, kwa woga kwanza. Mingine nilijibu. Mingine nilisema, "Sijui, tutafute pamoja."

Muhula uliofuata shule haikuniita tena. Sababu niliyopewa ni kwamba nilishusha hadhi ya walimu. Ati msamaha ndio ulioishusha! Matusi yangu hayakuwa yameishusha! Kwa hilo siinamishi kichwa, leo wala kesho. Na wale wa "kemia si ya wanawake" nawajibu hivi: dipti ni mwanamume, nilipomuuliza lile swali la potasiamu alikumbuka ghafla kwamba ana mkutano.

Siku hizi nafundisha shule nyingine, huko Kaikor, huku nikisomea ualimu wakati wa likizo. Shangazi yake Nyandeng, baada ya kumsihi miezi mingi, ndiye aliyenipa nambari. Nikampigia.

"Nyandeng, ni madam wa kemia."

"Umepata jibu?"

Hakusalimia! Nikamweleza yote, vyumba, nishati, nafasi zile kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo swali langu lilikuwa sawa."

"Lilikuwa sawa kabisa. Aliyekosea ni mimi. Nisamehe."

"Ungesema hivyo siku ile, madam, sasa ningekuwa kidato cha tatu." Akavuta pumzi. "Huku wamenirudisha kidato cha kwanza. Karatasi zangu wamekataa. Mwalimu wa kemia hakuna. Msamaha sina bado. Lakini notisi za kemia nitumie."

Namtumia. Kila wiki nampigia picha kurasa, namrekodia maelezo, naye ananirudishia maswali yanayonikosesha usingizi. Msamaha hajatoa, nami simdai. Wapo wanaoniambia ananitumia tu. Anitumie!

Ninyi mnaoshika chaki, na ninyi wazazi mnaoulizwa na watoto wenu, na wewe mkubwa wa ofisi usiyependa kuulizwa, nisikilizeni. Siku mkono utakapoinuka na huna jibu, usiangalie mwenye mkono ametoka wapi. Sema "sijui." Niliambiwa neno hilo litanimaliza. Nimelisema mara nyingi tangu wakati ule, na bado nasimama mbele ya darasa. Lile nililolisema badala yake ndilo lililomvusha msichana wa watu mpaka wa nchi.