Shingo ya Mjukuu Wangu Msimu wa Kombe

Ulikuwa ule mwaka mayai yalipoadimika. Jengo letu zima hapa ughaibuni, Falls Church, likaamkia uji, hata wale waliojidai hawali uji, na harusini Germantown tukaletewa biriani isiyo na yai hata moja. Watu wazima walikuwa wanafukua wali kwa vijiko kama waliopoteza pete. Mwaka huo ndio mjukuu wangu aliocheza kombe, na ndio mwaka nilioacha kulala vizuri.

Ni mtoto wa binti yangu. Mchana anatengeneza kompyuta za watu, jioni anacheza raga. Ana mgongo mpana kama mlango wa msikiti, na sioni haya kusema, amenirithi mie. Raga yao ni ile ya watu kumi na watatu: unakamata mpira, unakimbilia katikati ya wanaume, wanakubwaga, unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa kisigino, mwenzio anauchukua, naye anabwagwa. Mkibwagwa mara sita mnawaachia wapinzani mpira, nao wabwagwe. Nilipoelezwa nilicheka. Kombe lenyewe lilikuwa la mtoano, ukifungwa mara moja umekwenda zako. Hapo ndipo walipoingiwa na wazimu. Hakuna aliyekubali kusema anaumwa.

Mie sikusoma. Darasa la pili nikatolewa. Lakini kule kwetu Tanga mwanamke akizaa, naitwa mie nikamkande. Basi baada ya mechi ya kwanza kule Springfield, mjukuu akaja anachechemea, nikamkanda kwa mafuta ya nazi ya moto. Kesho yake akaja na mwenzie, Mkenya mfupi mwenye mdomo. Raundi ya pili sebule ikajaa, wanaume wamelala kwenye zulia na kaptula zao, mlango wazi, binti yangu anapita ameziba pua.

"Shosho, mikono yako iko na dawa," Mkenya akasema; shosho kwao ndio bibi.

"Mdomo wako ndio hauna dawa. Geuka."

"Woi, shosho! Pole pole, si mimi pia ni mtu?"

"Nimekanda wanawake waliozaa pacha, hawakulia hivyo."

Walicheka, wakashinda tena. Na mie nilijiona, sitaki uongo. Lakini kila waliposhinda waliniletea miili mibovu zaidi. Huyu mbavu, huyu goti limevimba kama papai. Nikaanza kuona vibaya. Mzazi namkanda ili apumzike siku zake arobaini. Hawa nilikuwa nawakanda ili wakavunjwe Jumamosi.

Nusu fainali ilikuwa Germantown. Nilikaa pembeni na blanketi langu. Mjukuu wangu akachukua mpira, wanaume wawili wakamkuta, mmoja kifuani, mmoja shingoni. Nilisikia shingo ikilia. Akainuka, lakini kabla ya kuusukuma mpira akasimama akautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa pale. Halafu akaendelea. Wakashinda. Watu wakaruka ruka, mie nikabaki nimekaa.

Jioni akanijia peke yake. Nikamshika shingo, upande mmoja mgumu kama muhogo mbichi. Nikakichukua kidole cha mwisho cha mkono ule wa kulia, nikakifinya kwa ukucha, kwa nguvu, makusudi. Yeye anaendelea tu kunisimulia habari za fainali.

"Husikii?"

"Sisikii nini?"

Nikamwonyesha alama ya ukucha. Kisha akaanza kubembeleza kwa Kiswahili chake cha nusu nusu. "Bibi, please. Ni ganzi tu. Ukinikanda inaachia. Fainali moja, halafu nita-rest. Usimwambie mama, usimwambie kocha."

"Sikandi, na sinyamazi."

"Bibi, wenzangu wananitegemea!"

"Sikandi, na sinyamazi."

Akavaa shati kwa mkono mmoja, akaubamiza mlango. Nikamwambia mama yake. Mama yake akalia, akamwapisha aende kwa daktari, naye akaapa kwenda baada ya fainali. Mwanaume mzima, nani atamfunga kamba?

Siku ya fainali nikamfuata kocha, Mtanzania mwenzetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu mkono umekufa ganzi."

Akatazama uwanja badala ya kunitazama mie. "Kama daktari hajasema, mama, mimi sijasikia."

Nyuma yake, mjukuu wangu alikuwa amekaa, na yule Mkenya amepiga magoti anamfunga kamba za viatu. Mkenya hakufanya mzaha wowote. Hata kichwa hakuinua.

Nikaingia uwanjani na kanga yangu. Watu wakazomea. Kiingereza changu ni cha kununulia vitunguu, lakini nilimshika mwamuzi, nikapiga piga mkono wangu, nikaonyesha wa kijana, nikasema hausikii, hausikii. Akamwita mwanamke wa huduma ya kwanza. Yule mwanamke akamwambia mjukuu wangu afumbe macho, aseme kila anapoguswa kidole. Akaguswa, akakaa kimya. Akaguswa tena, kimya. Halafu akasema, "Hapo!" na hakuna aliyekuwa amemgusa.

Akavuliwa jezi. Wenzake wakafungwa, kombe likaenda. Tangu hapo sebule yangu ni safi, zulia halina mafuta, hakuna anayekuja.

Daktari alipiga picha, akasema kuna mfupa umeegemea mshipa wa fahamu, na likija pigo jingine kama lile hawezi kuahidi kitu. Alitamka taratibu, binti yangu akanitafsiria, mjukuu wangu akitazama simu yake.

Sasa msimu umerudi. Juzi binti yangu akiwa kazini, kijana alikuja akakaa kwenye zulia, akanipa mgongo, akavua shati. Vidole vimepona, alisema. Ameshajiandikisha.

"Nikande shingo kidogo tu, Bibi. Jumamosi ni raundi ya kwanza. Iwe siri yetu."

Nikaitazama ile shingo. Sijawahi kutamani kushika kitu kama nilivyotamani kuishika. Mikono nikaikalia.

"Sikandi, na sinyamazi."